UZI: Kucheza na mbwa mpaka akujali wewe kuliko geti (kamba, mpira, pua)

PwaniMbwa (mwanzisha uzi)

Salaam wadau wa Mombasa na vitongoji vyake.

Mbwa wengi wa mjini kwetu, kuanzia Nyali na Tudor hadi Mikindani na Likoni, hushinda kibandani mchana na kufunguliwa usiku. Chakula huletewa na soja (mlinzi). Mwenye nyumba akimwita, haji. Akija, anamrukia kwa matope. Basi huambiwa mkaidi. Ukweli ni kwamba hajapata sababu ya kushughulika na mwenye nyumba.

Chakula peke yake hakileti ukaribu huo. Sahani ikishatua chini, aliyeileta hana kazi tena. Kamba ya kuvutana ni kinyume chake: bila mtu wa upande wa pili ni tambara tu. Mbwa akielewa kwamba raha haimo kwenye kamba wala kwenye mpira bali imo kwako, ataanza kukutazama, kukusikiliza na kukufuata. Mengine yote nitakayoandika yanatoka hapo.

Chombo cha mchezo kisilale uani. Mpira ulioachwa juani siku nzima hauna thamani tena kwa mbwa. Kifungie kabatini, kitoke na wewe, kirudi na wewe. Muda ni dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku. Hizo zinashinda nusu saa nzima ya Jumapili. Acha angali anataka. Ukingoja mpaka achoke aende zake, umemfundisha kwamba mchezo hufungwa na yeye. Halafu chagua maneno mawili yasiyobadilika, "haya" la kufungua na "basi" la kufunga. Ukishasema "basi", ficha chombo na umwagie dagaa wawili watatu chini, ili kichwa kishuke na pua ipate kazi. Hapo damu hupoa yenyewe, na haji kukurukia akidai zaidi.

Sasa kuvutana, maana ndio mchezo unaoharibiwa zaidi.

Shika kamba ncha mbili, umwachie katikati pa kuuma, kama sentimita 20. Iwe usawa wa kifua chake au chini zaidi. Mvuto uende kulia na kushoto, polepole. Kuvuta juu na chini, au kumnyanyua mpaka miguu ya mbele iache ardhi, huumiza shingo na uti wa mgongo. Nguvu atoe yeye, wewe shikilia tu. Mtoto wa mbwa wa miezi 4 hadi 6 yumo katika kubadilisha meno. Huyo mguse tu na kitambaa laini, usivutane naye.

Baada ya sekunde 10 au 15, gandisha mikono. Bana kamba kwenye paja lako isitikisike hata kidogo, sema "achia" mara moja, kisha nyamaza. Usivute! Ukivuta, kamba iko hai bado, naye ana haki ya kung'ang'ania. Siku za mwanzo anaweza kukaa nusu dakika hivi akiwa ameuma. Ngoja. Mdomo ukifunguka tu, sema "haya" papo hapo umrudishie kamba. Malipo ya kuachia ni mchezo kurudi. Ukichukua kamba moja kwa moja kila anapoachia, amejifunza kwamba kuachia ni hasara, na kesho ataing'ang'ania zaidi.

Kosa la kawaida ni kusema "achia achia achia" huku unavuta, au kumpanua mdomo kwa vidole. Kosa jingine ni kumwekea nyama puani kila mara. Itumie siku mbili tatu za mwanzo ikiwa amegoma kabisa, kisha iondoe; la sivyo ataachia harufu tu, hataachia neno.

---

FundiUsumba

Ahsante PwaniMbwa. Niongeze juu ya kamba yenyewe.

Usinunue ya bei. Nenda mitumba ya Kongowea utafute blanketi jepesi la manyoya bandia, lile ambalo ukilikata ukingo hautoi nyuzi. Kata vipande vitatu au vinne, upana sentimita 7, urefu sentimita 110. Funga fundo sentimita 10 kutoka ncha moja, sukia msuko wa nywele wa kawaida ukikaza kila hatua, malizia kwa fundo. Utabakiwa na kama sentimita 65 hadi 70, unene wa sentimita 3 au 4. Mbwa mkubwa aongezewe unene, si urefu.

Kamba ya katani na ya usumba zinachoma ufizi, na nyuzi zake zikimezwa hazisagiki. Kamba ya manila nayo huchubua viganja vyako mbwa akivuta ghafla. Leso kuukuu inafaa kwa mtoto wa mbwa: ilowe maji, isokote, ifunge fundo, iwekwe kwenye friza saa mbili. Baridi hupoza ufizi. Ikianza kuchanika, tupa. Uzi mrefu mmoja ukiingia utumboni hukunja matumbo, na hapo ni upasuaji.

Ikague kamba kila baada ya mchezo. Uzi uliotoka nje ukate kwa mkasi, usiuvute.

---

BintiKisauni

Swali jamani. Wazee husema ukimwacha mbwa ashinde kamba atajiona mkubwa wa nyumba, baadaye akupande kichwani. Kwa hiyo mtu ashinde kila mara?

---

PwaniMbwa

Dada, hilo lilipimwa. Nicola Rooney na John Bradshaw wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha mwaka 2002 jaribio la mbwa 14 aina ya Golden Retriever. Kila mmoja alivutana na mtu mara 20 akiachwa ashinde, na mara 20 mtu akishinda. Hawakuona mbwa akijikweza kwa sababu ya kushinda. Walichokiona ni kwamba baada ya mchezo, awe ameshinda au ameshindwa, mbwa alimsikiliza mtu zaidi.

Kwa hiyo mwache ashinde mara nyingi. Mwachie kamba mdomoni, rudi nyuma hatua tatu, inama kidogo ubavu, kaa kimya. Akikuletea kamba na kukusukuma nayo gotini, hicho ndicho tunachokitafuta. Amepewa mali yote aende nayo, akachagua kuirudisha kwako. Akienda nayo kibandani kuitafuna peke yake, ujue bado kamba ina uzito kuliko wewe. Mvute kwa kamba ya pili iliyo hai mkononi mwako.

Cha kuchunga si nani ameshinda. Chunga nani anafungua mchezo na nani anaufunga, na kama meno yamegusa ngozi. Jino likigusa mkono, hata kwa bahati mbaya, sema "basi" kwa sauti ya kawaida, simama kama nguzo sekunde 15, kisha anza tena. Usipige kelele. Kelele kwa mbwa wengi ni kunogesha.

---

MtotoWaMjiWaKale

Assalaam aleikum. Sisi tunaofuga mbwa wa ulinzi shambani Mtwapa na huku ni Mashafi'i, mate ya mbwa yanatuletea kazi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nataka mbwa anijue na anitii lakini nisiguswe na mate. Kuna mchezo wa namna hiyo?

---

FundiUsumba

Wa aleikum salaam sheikh. Upo, tena ni mzuri kwa mbwa wa ulinzi kuliko kuvutana kwa mikono. Ni fimbo ya windo.

Chukua paipu ya plastiki ya maji, inchi 3/4, urefu mita 1. Pitisha ndani yake kamba ya milimita 8. Huku chini ya mpini funga fundo kubwa lisilopita, na juu yake uzungushie utepe wa gundi wa nailoni ili paipu isikate kamba. Upande wa pili iache kamba ining'inie mita 1 na robo. Mwisho wake funga kitambaa cha mtumba kilichosukwa, urefu wa mkono mmoja. Usitumie kamba ya mpira inayonyumbulika kwa mbwa mkubwa; ukikatika unarudi usoni.

Burura kitambaa chini mchangani, kiende kikimkimbia mbwa, kisimame, kiruke kidogo, kisimame tena. Kitambaa kisipande juu ya goti lako. Kumrusha mbwa hewani na kumgeuza ghafla ndiko kunakovunja magoti. Sekunde 30 za kukimbiza, kisha ganda, mwambie "kaa", ngoja matako yatue, ndipo "haya". Duru tano hivi zinatosha. Badilisha upande, kulia mara moja, kushoto mara moja. Mbwa wa mbegu kubwa asiyetimiza mwaka na nusu asikimbizwe hivi, mifupa haijafunga.

Mate yanabaki kwenye kitambaa, mita mbili mbali nawe. Kitambaa kina ndoo yake, hakiingii nyumbani. Na kavu kwa kavu haihamishi najisi, kwa hiyo kumpapasa mgongoni akiwa mkavu na mkono wako mkavu hakukupi hukumu ya kuosha. Zaidi ya hapo muulize maalim wako.

---

MtotoWaMjiWaKale

Shukran sana. Hilo la "kaa" kabla ya kila duru ndilo nililokuwa nikilikosa.

---

Kusi_Kaskazi

Kuna kundi mmelisahau: mbwa wa kienyeji, hasa aliyetoka mtaani. Ukimrushia mpira anakutazama tu, au anakimbilia chini ya gari. Watu husema hawa hawana mchezo. Mchezo wanao, hawajui vyombo.

Mbwa wa mitaani huku amerushiwa mawe tangu mdogo. Mkono ulioinuka juu ya bega, kwake, ni jiwe linakuja. Kwa hiyo usirushe. Vingirisha kutoka chini, mkono usipite kiuno. Usimsimamie kichwani wala kumkazia macho. Kaa chini au chuchumaa ubavu, yeye awe upande wako.

Anza na dagaa wakavu wasio na chumvi. Vingirisha mmoja mchangani umbali wa hatua moja, aufukuzie. Akila, mwingine upande wa pili. Hiyo ni siku nne tano. Kisha tia dagaa ndani ya soksi, funga fundo, iburure ikimkimbia. Windo halimfuati mwindaji. Ukimsukumia soksi usoni anarudi nyuma, na ana haki. Sekunde 5 hadi 10, akikanyaga au kuuma, fungua umpe kilichomo. Ficha soksi mara moja.

Atakapoinamisha kifua, viwiko chini, makalio juu, mkia ukienda ovyo, amekualika. Mjibu: inama kidogo, rudi hatua mbili haraka, simama. Hapo usitoe hata chakula, yeye mwenyewe ameshaanza.

Kama hujui amefurahi au amevumilia tu, simama uweke mikono chini kwa sekunde tano. Anayetaka atakufuata. Anayepiga miayo, kulamba pua, kugeuza kichwa au kuonyesha weupe wa jicho, mwache aende.

---

Soja_Tudor

Na kunguruma je? Akivuta kamba ananguruma sana, watoto wa plot wanakimbia.

---

Kusi_Kaskazi

Ndugu, kunguruma ndani ya kuvutana ni kawaida. Tazama mwili, usisikilize sauti pekee. Kiuno kinayumba, macho yamelegea, anaachia na kukamata tena: huo ni mchezo. Mwili ukiwa mgumu kama ubao, kichwa kimeganda juu ya kamba, jicho linakukodolea pembeni, mngurumo umeshuka chini na hauna mapumziko: huyo analinda mali. Usimnyang'anye wala kumgombeza. Tupa vipande vitatu vya maini mita mbili kando yake, kamba ichukuliwe na mtu mzima mwingine mbwa akiwa amekwenda kula. Kisha mrudishe kwenye kubadilishana: kitu duni kwa kitu bora, kila siku, kabla hujarudi kwenye kamba.

Watoto wasivutane, na wasikimbizwe na mbwa wala kumkimbiza, hata kwa mzaha. Wapeni kazi ya kuficha vitu, nitaeleza chini. Na jino likitoboa ngozi ya mtu yeyote, hata katika mchezo na mbwa aliyechanjwa: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kila mwaka, kadi iwekwe nyumbani.

---

BintiKisauni

Kuleta mpira tafadhali. Anaukimbilia vizuri, kisha anazunguka nao uwanja mzima, ukimfuata ndio kwanza anafurahi.

---

PwaniMbwa

Kwa sababu ndio mchezo mliomfundisha: mimi nakimbia, wewe unanifukuza. Usimfuate tena hata hatua moja.

Tumia mipira miwili inayofanana. Mmoja urushe mita 5 tu, si 30. Akishaukamata, geuka umkimbie yeye, ukiuchezesha wa pili mkononi. Atakuja. Akifika, usinyooshe mkono kuchukua wa mdomoni. Simama, ngoja audondoshe mwenyewe, na sekunde hiyohiyo rusha wa pili, nyuma yako, ili apite ubavuni mwako kila safari. Akidondosha akiwa mbali, sogea nyuma kabla hajafika. Mstari wa kudondoshea utakusogelea siku hadi siku. Neno "leta" liongeze mwishoni kabisa, akiwa tayari anarudi bila neno.

Mwanzoni mfunge kamba ndefu ya mita 8 kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Usimvute nayo, ikanyage tu akianza kuzunguka.

Ukubwa wa mpira ni suala la uhai. Uwe mkubwa kiasi kwamba hauwezi kupita nyuma ya magego. Mpira wa tenisi kwa German Shepherd au Rottweiler unaweza kuingia kooni na kuziba pumzi. Tena manyoya yake yakishika mchanga wa pwani hukwangua meno kama msasa. Tafuta wa raba laini wenye kamba. Mawe hapana, fimbo hapana (humchoma kaakaa akiikimbilia ikiwa imesimama ardhini), kifuu cha kutafuna hapana, na kumbi la nazi hapana: akimeza nyuzi zake huzibika tumbo. Ile taa nyekundu ya kuelekeza ukutani nayo iacheni. Mbwa hufukuza kitu asichokikamata kamwe, na wengine huishia kufukuza vivuli mchana kutwa.

Rusha mara 6 au 8, basi.

---

DaktariWaMifugo_Bamburi

Naomba mnisikilize kuhusu joto, maana kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi ikiwa imepoa, ndipo mbwa wanapoangukia mchezoni.

Cheza kati ya saa 12 na saa 1 na nusu asubuhi, au baada ya saa 11 na nusu jioni. Unyevu wa hewa yetu ndio mbaya kuliko jua lenyewe: mbwa hupoa kwa kuhema, na hewa iliyojaa maji haimkaushi ulimi. Weka mgongo wa kiganja kwenye kabro (matofali ya kutandikia uani) sekunde 7. Ukishindwa, nyayo zake zitaungua.

Joto la kawaida la mbwa ni takriban 38.3 hadi 39.2. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Dalili za mwanzo ni ulimi kupanuka ncha kama kijiko, mate mazito yanayonata, ufizi mwekundu sana, kisha kuyumba. Usingoje kuyumba. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee au umwekee feni, mpe maji kidogo kidogo, na uanze safari ya kliniki huku akiwa amelowa. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha. Huzuia joto lisitoke. Mbwa wa pua fupi asichezeshwe zaidi ya dakika mbili bila kupumzika.

Wenye vifua vya kina kirefu, kama German Shepherd, Great Dane na Boerboel: hakuna mbio saa moja kabla ya chakula, wala saa mbili baada yake. Tumbo lililojaa gesi likijipinda huua ndani ya saa chache.

Ufukweni, Nyali au Shelly, nendeni maji yakiwa yamepwa, kwenye mchanga mgumu uliolowa. Mchanga mkavu wa juu huteketeza misuli ya mapaja na huumiza magoti. Nenda mapema kabla waogeleaji na ngamia hawajafika, na kamba ndefu isitoke. Beba lita moja ya maji matamu kwa kila mbwa. Anayeleta mpira kutoka baharini humeza maji ya chumvi kila safari, kisha hutapika na kuhara. Dakika 10 majini zinatosha, halafu msuuze, kausha masikio, kagua kupe kati ya vidole na ndani ya sikio.

Angalia pia kilichotupwa na bamvua: ndoana, vipande vya nyavu, yavuyavu, na hasa bunju, yule samaki anayejivimbisha. Bunju aliyekufa bado ana sumu ileile. Hupooza misuli ya kupumua, na haina dawa ya kuivunja. Ndiyo maana "achia" anayoieleza PwaniMbwa hapo juu ifundishwe nyumbani kwanza, na kwa vitu vingi, kabla ya kumleta ufukweni.

---

Kusi_Kaskazi

Mchezo wa pua kwa siku za masika, na kwa nyumba zisizo na uwanja.

Vifuu vitatu vya nazi vilivyopasuliwa vizuri, kila kimoja na tundu dogo. Vifudikize sakafuni, umbali wa hatua moja kati yao. Mbwa akiwa amefungwa au ameshikwa, mwonyeshe kipande cha maini yaliyochemshwa, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, ukifunike chini ya kimoja. Sema "tafuta". Akigusa kwa pua au ukucha kifuu chenyewe, wewe ndiye unayekifunua. Usimwache apindue mwenyewe, maana shabaha ni kwamba akipata, akutazame ufungue. Akikosea, kaa kimya, usimwambie hapana.

Akipatia mara tano mfululizo, ongeza umbali. Kisha ficha vipande nyuma ya ndoo, kwenye miguu ya kiti, ndani ya katoni yenye matambara. Mtoto wa miaka saba anaweza kuficha vizuri sana, mtu mzima akimshika mbwa. Dakika 10 za pua humchosha kuliko kuzunguka mtaa.

Maini yasipikwe na kitunguu wala chumvi. Vipande vya mchezo vipunguzwe kwenye chakula cha jioni.

---

Soja_Tudor

Mimi ndiye ninayemlisha na kumfungua. Bosi akianza kucheza naye, hatanikataa mimi? Na maneno tuseme ya lugha gani?

---

PwaniMbwa

Hatakukataa, kaka. Mbwa anaweza kuwa na watu wawili watatu wa karibu. Kinachomvuruga ni sheria mbili. Wewe ukisema "achia", bosi akisema "drop", na mtoto akimnyang'anya kimya, atachagua la kumfaa yeye. Andikeni maneno manne ukutani karibu na kibanda: haya, achia, leta, basi. Lugha yoyote, mradi iwe ileile kwa wote.

Kwa wiki mbili za mwanzo kamba ishikwe na bosi pekee, jioni, robo saa kabla ya wewe kumfungua kwa zamu ya usiku na kabla ya sahani. Wewe chukua mchezo wa pua asubuhi, kabla hujamrudisha kibandani. Wiki ya tatu badilishaneni. Akikuachia wewe kamba kwa neno lilelile na kwa kasi ileile anayomwachia bosi, mko tayari kumfundisha kuacha geti akiitwa: anzieni mita 3 kutoka getini, hakuna mtu nje, kamba ya mchezo mfukoni.